Plagi za iridiamu kwenye Cessna 172: uzoefu wangu baada ya saa 210 za kuruka

Magneto ya kushoto, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za plagi, ndiyo iliyonifikisha kwenye plagi hizi za iridiamu, metali ngumu. Ndege ni Cessna 172P, injini Lycoming O-320 ya silinda nne. Kila silinda ina plagi mbili, ya juu na ya chini, na kila moja inapata umeme wake kutoka magneto tofauti, kwa hiyo magneto moja ikifa injini bado inazunguka. Kabla ya kupaa tunazipima moja moja kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika. Kitabu cha ndege kinataka mizunguko isishuke zaidi ya 125, na tofauti kati ya magneto hizo mbili isizidi 50. Ya kushoto ilishuka 180, na dashibodi yote ikatetemeka.

Ule mtetemo una maana yake. Mizunguko ikishuka sana huku injini inanguruma vizuri, mara nyingi kasoro ni taimingi au mchanganyiko wa mafuta na hewa. Ikishuka huku injini inamisi, ujue kuna silinda inayokosa cheche. Siku ya kwanza nilipandisha injini hadi karibu 1,800, nikavuta kidhibiti cha mchanganyiko huo nikapunguza mafuta kwa dakika moja hivi ili joto liunguze uchafu wa plagi. Ikatulia. Wiki iliyofuata nikafanya hivyo hivyo, ikatulia tena. Mara ya tatu haikutulia, nikageuza ndege nikairudisha kwenye maegesho.

Kosa langu lilikuwa kununua plagi moja mpya nikidhani nimemaliza kazi. Fundi wangu, mwenye leseni na ambaye ndiye anayetia saini kitabu cha injini, aliiweka pembeni. "Hiyo iache kwanza, kaka. Tujue kinachougua ni plagi au ni waya."

Tuliwasha injini ikiwa baridi, tukaiendesha kwa magneto ya kushoto peke yake kwa muda mfupi, tukazima, halafu akapima joto la bomba la moshi la kila silinda. Mabomba matatu yalikuwa ya moto. La silinda ya nne lilikuwa limepoa mbali na wenzake. Kwenye ndege hii magneto ya kushoto inawasha plagi za chini za upande wa kushoto na za juu za upande wa kulia, na silinda ya nne iko kushoto nyuma, kwa hiyo mshukiwa alikuwa plagi ya chini. Akaihamishia silinda ya pili, ya pili akaileta ya nne, tukawasha tena. Ubaridi ukaihama silinda ya nne ukaenda ya pili. Waya haukuwa na hatia. Kama ubaridi ungebaki pale pale, tungeanza kupekua waya wa plagi, kisha magneto yenyewe.

Kabla hujagusa plagi, zima swichi ya magneto, toa ufunguo, na bado uichukulie propela kama iliyo hai. Magneto haihitaji betri, na waya wake wa kuizima ukiwa umekatika, kuizungusha propela kidogo tu kwa mkono kunaweza kuiwasha injini. Na hapa tulikuwa tumetoka kuendesha injini, yaani kila kitu kilikuwa bado na joto. Tulisubiri, na mtu hakusimama kwenye mzunguko wa propela hata mara moja.

Zote nane zilipotoka tulizipanga kwenye trei kwa majina yake: moja juu, moja chini, hadi nne chini. Msizichanganye, kwa sababu plagi inasimulia habari za silinda yake. Za juu zilikuwa kavu, rangi ya kahawia hafifu, dalili njema. Za chini zilikuwa na vijipira vigumu vya madini ya risasi vilivyonasa kati ya elektrodi (ncha ambako cheche huruka) na kauri, na ile mbovu ilikuwa imezibwa kabisa. Petroli ya ndege ya 100LL ina risasi, na masalia yake hushuka chini, hasa tukiendesha ndege ardhini muda mrefu na mchanganyiko wenye mafuta mengi. Nilikuwa nafanya hivyo kila siku.

Kisha akachukua mita ya umeme akapima ukinzani ndani ya kila plagi. Kikomo anachotumia ni omu 5,000. Tatu zilikivuka, mbili kati yake zikiwa za juu, safi kwa macho, ambazo mimi ningezirudisha bila wasiwasi. Kupima huku huchukua dakika chache, na sioni kwa nini karakana yoyote ikuruke.

Kwa hiyo nikabadilisha zote nane. Nilichagua Tempest UREM38S, za waya mwembamba wa iridiamu, baada ya kuhakikisha zimo kwenye orodha ya plagi ambazo Lycoming imeziidhinisha kwa injini yangu. Kazi yenyewe si ngumu ila inataka adabu. Mwanya kati ya elektrodi unapimwa hata kama plagi ni mpya. Washa ya shaba, ile pete ya chini ya plagi, ni mpya kila mara. Grisi ya nyuzi za skrubu ya plagi inapakwa kidogo sana, na uzi wa kwanza unaachwa mkavu, kwa sababu ikifika kwenye elektrodi umeme utapita humo badala ya kuruka kama cheche. Plagi inaingia kwa vidole hadi mwisho. Ikigoma, itoe, usiilazimishe kwa spana. Ukazaji wa mwisho ni nyutoni-mita (Nm) 47, kwa spana inayopima. Ncha ya waya inafutwa kwa spiriti na haishikwi kwa vidole, maana jasho linapitisha umeme. Na plagi iliyoanguka sakafuni haifungwi, hata ikionekana nzima. Kauri ikipata ufa, huwezi kuuona mpaka ulete madhara ndani ya silinda.

Matokeo: kushoto ilishuka 65, kulia 70, injini ikinguruma bila kukwama. Asubuhi za baridi inashika haraka kuliko zamani. Kilichonifurahisha zaidi ni ukaguzi wa baada ya saa 100: plagi za chini zilikuwa na vumbi jepesi la kijivu tu. Nafasi iliyo wazi kuzunguka waya ule mwembamba haiipi risasi mahali pa kujijenga.

Kasoro zipo. Bei yake ni mara kadhaa ya plagi za kawaida, na kulipia nane kwa mpigo kunauma. Watu wanazitarajia zifike saa 2,000, wakati za kawaida hulika mapema zaidi. Mimi nina 210, kwa hiyo hilo siwezi kulithibitisha. Waya wake ni dhaifu. Usizisafishe kwa mashine ya kuchokonoa, na ukirekebisha mwanya sukuma elektrodi ya nje ndani taratibu, kwa sababu ukipitiliza, kujaribu kuirudisha nyuma kunaweza kuharibu plagi. Kama plagi zako za kawaida hazizibi na ukinzani wake uko chini ya kikomo, sioni sababu ya kuzitoa.

Nimebadilisha pia tabia ardhini. Injini ikishawaka na kutulia, navuta mchanganyiko hadi mizunguko ianze kuyumba, na natembea hivyo hadi mwanzo wa barabara ya kurukia. Pale nausukuma mbele kama kitabu kinavyosema kabla ya kupaa. Plagi nane nilizotoa bado ziko kwenye trei yao, zikiwa na majina. Ile ya nne chini naiangalia kila nikiingia karakana.