Kwa nini manenosiri ya kazi nimeyahamishia Bitwarden: uzoefu wangu Kisumu

Mimi ni mhasibu wa kujitegemea mjini Kisumu. Wengi wa wateja wangu ni wafanyabiashara wa soko la Kibuye, ambao huniachia kazi ya kuwasilisha ripoti zao za kodi kwenye iTax, tovuti ya mamlaka ya kodi, na kushughulikia usajili wa biashara zao kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kwa hiyo mikononi mwangu mna manenosiri ya watu wengine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hainiruhusu kuyaweka ovyo. Kwa muda mrefu yote yalikaa katika kidhibiti cha manenosiri cha Google, kile kilichomo ndani ya Chrome na simu za Android. Sasa ya kazi yamo Bitwarden, programu ya kampuni nyingine inayotunza manenosiri.

Kidhibiti cha Google ni kizuri, na ni haki kusema hivyo kwanza. Hakilipiwi wala hakihitaji kupakuliwa, hubuni nenosiri refu unapofungua akaunti mpya, na hukuonya iwapo nenosiri ulilohifadhi limeonekana miongoni mwa yale yaliyovuja mtandaoni. Wenye iPhone wamekuwa na huduma ya aina hiyo tangu mwaka 2013, Apple ilipoleta iCloud Keychain, na mwaka 2024 wakapewa programu yake maalumu. Mtu anayetumia simu moja na kutunza manenosiri yake mwenyewe hana haja ya kuhangaika na kingine.

Kilichonitia wasiwasi ni kwamba hazina yote hiyo imefungamana na akaunti ileile ya barua pepe, nayo akaunti hiyo mara nyingi hurejeshwa kwa ujumbe unaotumwa kwenye laini ileile ya simu. Hapa kwetu simu hunyakuliwa kwenye kituo cha matatu, na matapeli hufanikiwa kuhamisha laini ya mtu kwenye kadi nyingine kabla mwenyewe hajashtuka. Google ina chaguo la usimbaji fiche (kuyageuza manenosiri yasisomeke bila ufunguo) unaofanyika kwenye kifaa chenyewe, lakini ni lazima uingie kwenye mipangilio uhakikishe kwamba limewashwa, na sijaona wengi wakifanya hivyo. Tatizo la pili lilikuwa la kiofisi zaidi: Google huruhusu kushirikishana manenosiri ndani ya kikundi cha familia pekee. Msaidizi wangu si wa familia yangu, na sikutaka kumtumia nenosiri la mteja kwa WhatsApp, ambako lingebaki kwenye mazungumzo kwa miaka.

Bitwarden huyasimba manenosiri kwa AES ya biti 256, njia ya usimbaji inayoaminika sana, kabla hayajaondoka kwenye kifaa chako, na ufunguo wake hutokana na nenosiri kuu ambalo kampuni yenyewe hailijui. Msimbo wa programu yenyewe umewekwa wazi kwa umma, hivyo wataalamu wa nje wanaweza kuukagua. Toleo la bure halina kikomo cha idadi ya manenosiri wala vifaa, na linamruhusu mtu kushirikiana na mwenzake mmoja. Kwa ofisi ya watu wawili kama yetu, hilo linatosha kabisa. Msaidizi wangu hutumia Firefox, mimi natumia Chrome, na sote tunaona yale tu tuliyokubaliana kuyaweka pamoja. Bando likiisha au intaneti ikikatika, bado ninaweza kusoma yaliyokwisha kuhifadhiwa kwenye simu, ingawa siwezi kuyahariri.

Kuhama kwenyewe si kazi kubwa, ila kuna hatua moja inayohitaji uangalifu. Chrome hukutolea manenosiri yote katika faili ya CSV ambayo haijafungwa kwa namna yoyote. Yeyote atakayeifungua atayasoma kama anavyosoma orodha ya bei. Fanya kazi hiyo kwenye kompyuta yako mwenyewe, kamwe si ya saiba, kisha uifute faili, na kwenye pipa la taka pia, mara tu Bitwarden itakapoipokea.

Wenzangu kadhaa waliniuliza kuhusu LastPass, huduma nyingine ya kutunza manenosiri, na swali lao ni la haki. Mwaka 2022 wezi waliiba nakala za hazina za wateja wa kampuni hiyo. Manenosiri yalikuwa yamesimbwa, lakini anwani za tovuti hazikuwa zimesimbwa, na aliyekuwa na nenosiri kuu dhaifu alibaki katika hatari ya kweli kwa kuwa mwizi angeweza kulikisia kwa nafasi yake, bila mtu wa kumzuia. Tukio hilo halikunirudisha Google. Lilinifanya nichague nenosiri kuu la maneno kadhaa yasiyohusiana, ya Kiswahili na Kidholuo, na kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya misimbo badala ya ujumbe mfupi.

Kuna usumbufu wake. Kwenye Android, baadhi ya programu hazikubali kujaziwa nenosiri na kijazaji kutoka nje kama Bitwarden. Ya benki moja ninayoitumia haikitambui kabisa, kwa hiyo nanakili na kubandika. PIN ya M-Pesa siiweki humo wala popote pengine isipokuwa kichwani.

Wazazi wangu, walioko Maseno, nimewaacha kwenye Google kwa makusudi. Nenosiri kuu likisahauliwa Bitwarden haiwezi kukurejeshea, na sioni busara kumpa mama mzigo huo ilhali anachohitaji ni barua pepe na eCitizen. Simu yake nimeifunga kwa alama ya kidole, nikawasha usimbaji fiche ule wa kwenye kifaa, na nikamwandikia misimbo ya dharura ya akaunti yake kwenye karatasi inayokaa pamoja na hati za shamba. Ya kwangu nayo, pamoja na nenosiri kuu, iko ndani ya bahasha iliyofungwa kwa dada yangu, ambaye anajua ni wateja gani wa kupigiwa simu kwanza iwapo nitalazwa hospitalini katikati ya Juni, wakati ripoti za kodi zinasubiri tarehe 30.