Marhamu ya mupirosini kwa impetigo ya watoto: uzoefu wangu

Mtoto akiwa na vidonda vichache vya impetigo, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na bakteria na kuambukiza, marhamu ya mupirosini, antibiotiki ya kupaka (tyubuni huandikwa mupirocin 2%), ndiyo ninayoiamini. Naipa nyota 4 kati ya 5. Wanaolalamika kwamba haifanyi kazi, wengi wameipaka juu ya gaga, au ugonjwa wenyewe haukuwa impetigo.

Impetigo huanza na kipele au lengelenge dogo, mara nyingi kando ya pua au mdomo. Hupasuka upesi na kutoa majimaji yanayokauka kuwa gaga la rangi ya asali. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, kwani huenda usiuone. Tazama gaga lenyewe na ngozi iliyokolea kulizunguka. Malengelenge madogo yaliyosongamana na kuuma sana yaweza kuwa hapesi, ugonjwa wa virusi, na mupirosini haina kazi hapo. Duara lenye ukingo wa magamba na katikati kumepoa, hilo huenda ni choa. Mtoto akijikuna sana usiku na ana vipele katikati ya vidole, achunguzwe skabi, yaani upele unaoletwa na vijidudu vinavyochimba ngozi. Bakteria huingilia pale alipojikuna, na skabi isipotibiwa vidonda hurudi.

Kupaka kwenyewe: nawa mikono, kisha weka kitambaa safi kilicholowa maji ya uvuguvugu juu ya gaga kwa dakika 5 hadi 10. Likilainika, lifute taratibu kwa maji na sabuni. Usilibandue likiwa kavu, utaumiza ngozi upya. Kausha, paka utando mwembamba mara 3 kwa siku kwa siku 5, funika kwa shashi, nawa tena. Kuchoma kidogo baada ya kupaka ni kawaida. Ngozi ikivimba au kuwasha sana, oshea dawa na uache kuitumia. Isiingie machoni. Vidonda vikikauka siku ya pili watu huacha dawa, nao ugonjwa huanza upya. Siku ya 3 hadi 5 ikipita bila nafuu, rudi kwa daktari: huenda bakteria ni sugu. Kwa sababu hiyohiyo ya usugu, sipendi tyubu iliyobaki iwekwe ipakwe kila kipele.

Krimu za mchanganyiko zenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, ndizo zinazonikera zaidi. Ngozi hutulia, mzazi akadhani mtoto anapona, kumbe bakteria wanaenea.

Vidonda vikiwa vingi, malengelenge makubwa yakitokea au mtoto akipata homa, marhamu haitoshi. Daktari ataandika antibiotiki ya kunywa kulingana na uzito, kwa mfano sefaleksini. Mtoto mchanga mwenye malengelenge apelekwe hospitali mara moja.

Akae nyumbani hadi saa 24 zipite tangu kuanza dawa, na vidonda vifunikwe. Awe na taulo lake, kucha zikatwe fupi, foronya na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto.

Wiki chache baadaye, bado mwangalie. Impetigo iliyoletwa na bakteria aina ya streptokoki inaweza kufuatiwa na uvimbe wa figo. Uso ukivimba asubuhi, mkojo ukapungua au ukawa wa kahawia, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ngozi imeshapona.