Redio koli za laini: kabla hujanunua ulizia seva

Kama unasimamia malori, hizi redio koli za kuweka laini ya simu ni mkombozi, nasema kabisa. Sisi tunazitumia njia ya Dar kwenda Tunduma, ofisi iko Ubungo na dereva akiwa Mafinga namsikia kama yuko hapo getini, zile za antena za kawaida kilomita chache tu ushampoteza.

Shida watu wakifika Kariakoo wanaulizia betri na spika tu, wakati kazi yote iko kwenye seva, yaani ile kompyuta ya mbali inayopokea sauti na kuigawa. Ukibonyeza kitufe bado hujaanza kusikika, kifaa kinaomba nafasi kwanza, seva inaangalia kama kuna mwingine anaongea kwenye grupu, pakiwa wazi unasikia tiiit ndo zamu yako, sauti inakatwa vipande vipande inasafiri kama data nyingine, wewe unaituma mara moja tu halafu seva ndo inawagawia wote waliomo. Sasa seva ikiwa huko Asia, ombi liende lirudi, mlio unachelewa na watu hawausubiri. Seti yetu ya kwanza ilikuwa hivyo, unasema "msishushe mzigo", wa upande wa pili anapata "shushe mzigo", na tingo keshaanza kufungua kamba! Muuzaji alituhamishia kwenye seva ya Afrika Kusini, mlio sasa unakuja hapo hapo.

Kingine, hizi hazina kipaumbele kwenye mtandao. Mnara ukielemewa jioni, sauti yako inapanga foleni na video za watu. Ule mfumo wa polisi na zimamoto, MCPTT, ambao 3GPP, wale wanaopanga viwango vya mitandao ya simu duniani, waliutoa 2016, unapewa kipaumbele na unatakiwa ukupe zamu chini ya milisekunde 300. Muuzaji akikuambia redio yake ni sawa na hiyo, mwambie akuonyeshe mtandao gani wa simu unaompa hicho kipaumbele.

Na netiweki ikikata, imekata. Pale hifadhini Mikumi malori mawili yanafuatana hata mita kumi hayasikilizani, maana sauti lazima iende kwa seva kwanza. Wenye misafara bakini na za antena mbili tatu, na kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mkiwa nacho.

Wa bajeti ndogo anzeni na programu ya Zello kwenye simu mlizonazo, utaratibu ni ule ule wa seva, na meseji ya sauti unaweza kuirudia kusikiliza. Ila ingia kwenye setingi uitoe kwenye kubana betri, maana simu nyingi zinazima programu ikikaa kimya, dereva anadhani yupo hewani kumbe hayupo.

Mimi nazipa nyota nne. Leseni ya mwaka ya kutumia seva msilipe kabla hamjazijaribu barabarani, jioni, grupu zima likiwa ndani.