Stiki za kupima protini kwenye mkojo: mwenye mtoto wa nefrotiki nunua tu

Kama una mtoto mwenye nefrotiki sindromi (ugonjwa wa figo kuvujisha protini nyingi kwenye mkojo mpaka mwili unavimba) na bado huna hizi stiki ndani, fanya uzipate wiki hii hii. Naongelea zile za kuchovya kwenye mkojo, chupa moja inakuwa na stiki 100, zipo famasi kubwa na maduka ya vifaa vya maabara. Kampuni ni nyingi, nimetumia zaidi ya moja na kwa upande wa protini sijaona tofauti ya kunifanya nichague.

Kwa nini nazisifia hivi? Manake huu ugonjwa unaanza kimyakimya. Mtoto anaamka macho yamevimba, watu wanasema mzio, wengine minyoo, anapewa dawa ya mafua, kumbe figo zinavujisha protini siku kadhaa sasa. Na chanzo mara nyingi siyo maji machache wala chumvi, ni kinga ya mwili wake mwenyewe. Kichujio cha figo kina seli zinaitwa podosaiti, zina vimiguu vilivyopishana, na kwenye ule mwanya katikati ya vimiguu kuna protini inaitwa nefrini ndo inazuia albumini (protini kuu ya damu) isipite kwenda kwenye mkojo. Mwaka 2024 watafiti wa Hamburg, Ujerumani na wenzao walitoa matokeo kwamba kwa watoto ambao ugonjwa umewaka na hawako kwenye dawa za kushusha kinga, 90% walikutwa na kingamwili (protini ambazo kinga hutengeneza kupigana na maadui) zinazoishambulia hiyo nefrini, na ugonjwa ukitulia zinapungua au zinapotea kabisa. Kwa watu wazima kuna aina nyingine ambayo kingamwili zake zinalenga protini inaitwa PLA2R, hiyo ilijulikana 2009 na sasa hivi ina kipimo chake cha damu.

Mimi nilivyoelewa hilo ndo mambo mengi yakakaa sawa kichwani. Kwamba prednisoloni, ile dawa ya steroidi wanayopewa, haiendi kuziba figo, inaenda kutuliza kinga. Kwamba mafua ya kawaida tu ya shuleni yanaweza kuurudisha ugonjwa, kwa sababu kinga imeamshwa. Na kwamba kuacha dawa kwa sababu uvimbe umeisha ni hatari, mwenye kusema punguza au acha ni daktari peke yake.

Sasa stiki yenyewe. Mkojo wa kwanza asubuhi kwenye kikopo kisafi, unachovya unatoa hapo hapo, unafuta ukingo wa stiki kwenye mdomo wa kikopo ili mkojo usitiririke, unasubiri sekunde 60 (soma maelezo ya chupa yako) halafu unalinganisha na rangi za kwenye chupa. Kile kiboksi cha protini kikibaki njano ni salama, kikianza ukijani kuna kitu, kijani kikiiva kinaelekea bluu ndo +++ na kuendelea. Soma karibu na dirisha, mwanga wa taa unadanganya sana hasa kati ya + na ++. Andika kwenye daftari tarehe, alama, dozi ya dawa, na kama ana mafua au homa. Sisi tumeelekezwa kwamba +++ siku tatu mfululizo maana yake ugonjwa umerudi, piga simu kliniki, na ikisoma hakuna au chembe tu siku tatu mfululizo maana yake umetulia. Hizo siku tatu ni muhimu jamani, homa peke yake inaweza kupandisha protini kwa muda na mkojo mzito wa mtoto ambaye hajanywa maji nao unaonekana vibaya kuliko ulivyo, usikimbilie kuongeza dawa kwa stiki moja.

Mapungufu yapo. Unyevu ndo adui wake mkubwa, kwa joto la Dar ukiacha kifuniko wazi stiki zinabadilika rangi kabla hata hujazichovya, na watu wengi wanaziweka chooni ambako ndo pabaya kuliko pote. Pia haikwambii kwa nini protini inavuja, haipimi albumini iliyobaki kwenye damu, na haimuoni mtoto. Mtoto wa nefrotiki anapoteza kingamwili nzuri pia kupitia mkojo, kwahiyo akipata homa na tumbo kuuma au akapumua kwa shida unaenda hospitali usiku huohuo, stiki isome isomavyo.

Kuna famasi moja walitaka kuniuzia stiki chache za kuhesabu, zimefungwa kwenye kimfuko cha nailoni. Nilikataa, na wewe kataa. Hazina chati ya rangi, hazina tarehe ya kuisha muda, hazina kile kipakiti cha kunyonya unyevu. Chukua chupa iliyofungwa na seal yake.

Stiki zinazopima vitu kumi kwa pamoja (za vipimo kumi) au za protini tu? Kwa kupima kila siku za protini zinatosha na ukizipata chukua hizo. Ila za vipimo kumi ndo rahisi kupatikana na zina cha sukari, ambacho kina maana mtoto akiwa kwenye prednisoloni dozi kubwa kwa sababu inaweza kupandisha sukari, na cha damu, kikibadilika mwambie daktari. Bei ulizia maduka mawili matatu kabla hujalipa, zinapishana sana. Nyota tano kutoka kwangu, ile moja ya unyevu nimewarudishia kwa sababu kufunga kifuniko ni kazi yetu.