Seti ya bomba la kurudisha oili ya turbo: hosi safi, kona mbovu

Seti hii, ya kurudisha oili kutoka kwenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) hadi kwenye sampu (karai la oili chini ya injini), iko kwenye maduka ya spea hapa Mombasa, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni usio na jina la kampuni. Ndani mna flanji ya alumini, gasketi ya karatasi, bolti mbili, hosi ya namba 10 iliyosukwa waya wa chuma kwa nje, kiungio kimoja kilichonyooka, kingine cha kona ya digrii 90, na kipande cha kuchomelea kwenye sampu. Hosi peke yake inastahili bei inayoulizwa. Vilivyobaki vikague kimoja kimoja kabla hujatoa pesa.

Anza na kona, maana hiyo ndiyo italeta moshi. Oili huingia kwenye turbo kwa nguvu ya pampu, lakini ikishapita kwenye beringi hakuna cha kuisukuma tena. Inateremka yenyewe kama maji ya mvua kwenye mfereji wa bati, tena imejaa povu, na povu linataka nafasi. Ndiyo sababu bomba la kupeleka huwa namba 4 tu, na la kurudisha namba 10, yaani sehemu 10 za 16 za inchi, karibu milimita 16. Sasa washa tochi uchungulie ndani ya kona hii: haikupindwa, imetobolewa matundu mawili yakakutana katikati, na pale yalipokutana pamebaki kingo kali kama ngazi. Povu hujikusanya hapo. Oili ikikosa pa kwenda hujaa kwenye turbo, ikavuka ringi za shafti na kuingia kwenye ekzosi au kwenye njia ya hewa. Kona ya bomba lililopindwa haina shida hiyo, na kiungio kilichonyooka ni bora zaidi. Hosi ishuke wima kadiri inavyowezekana, isilale zaidi ya digrii 35 kutoka wima, na isifanye tumbo mahali popote.

Gasketi nayo weka juu ya flanji uinue kwenye mwanga. Ukiona karatasi imeingia kwenye tundu, kata au chonga nyingine. Usipake silikoni hata kidogo: inayobanwa kuingia ndani hukatika vipande, na kipande kimoja kinatosha kupunguza njia. Kabla ya kulipa, pima pia umbali kati ya matundu ya bolti, maana flanji za turbo ndogo na kubwa hazilingani.

Kipande cha kuchomelea ni cha chuma. Sampu ya alumini inataka kipande cha alumini na fundi wa welding ya TIG. Usikubali kubandikiwa kwa gundi. Tundu liwe juu ya usawa wa oili iliyojaa, mbali na mahali krenki inaporusha oili. Likiwa chini ya usawa huo, oili ya sampu itaizuia ile inayoshuka. Toa sampu ndipo utoboe. Ile mbinu ya kupaka grisi kwenye drili na kutoboa sampu ikiwa garini hushika chenga nyingi, si zote, na zinazobaki huenda kukwangua pampu.

Hosi ikatwe imezungushiwa tepu ili waya usichanuke, kisha ipulizwe vumbi lote litoke. Waya huo hula alumini na mikanda, kwa hiyo usiuache uguse kitu, na karibu na ekzosi uvike kinga ya joto. Usibadilishe kwa hosi ya rejeta. Oili huivimbisha mpaka njia ikaziba.

Kabla ya kuwasha, mimina oili safi kwenye tundu la juu la turbo, zungusha shafti kwa mkono, kata dizeli au petroli isifike kwenye injini, kisha piga stata mpaka taa ya oili izime.

Kipimo cha kazi ni foleni ya feri Likoni. Injini ikinguruma muda mrefu pale halafu ukikanyaga ikatoa moshi wa buluu unaokwisha baada ya mita chache, oili inashuka polepole: rudi kwenye kona na mteremko wa hosi. Moshi ukija tu ukipanda Mazeras na mzigo, kagua njia ya injini kupumulia na ringi za pistoni. Hewa inayovuja kwenye ringi hujaza sampu, ikapanda kwenye bomba lile lile na kuikinga oili isishuke. Turbo nyingi nzima hutupwa kwa kosa hili, na mpya ikifungwa huvuta moshi vilevile.

Bolti za seti ni chuma kitupu na hewa ya bahari itazila, badilisha na zilizopakwa zinki. Muuzaji akikubali kuitoa kona na kukupa viungio viwili vilivyonyooka, chukua seti. Akikataa, nunua hosi kwa mita na viungio kando.