Mkanda wa tumbo wa kufikirika: fundi cherehani wa Mlandege, Zanzibar, anausikiliza

Bei kwanza, maana ndilo swali analouliza kila mteja akisikia nimeusikiliza mkanda huu wa sauti wa kukonda. Mpwa wangu alilipa kama 40,000 kwa kadi ya kaka yake, akapata mafaili manne ya sauti. Hakuna kidonge, hakuna chai ya kuharisha, hakuna mashine ya kutetemesha nyama. Ni mwanamme wa Kiingereza mwenye sauti ya upole, anakulaza, kisha anakupasua kwa maneno na kukufunga mkanda tumboni, ili uamini tumbo limekuwa dogo na ushibe upesi. Mkanda wa kweli upo: ni pete ya silikoni ambayo madaktari huifunga sehemu ya juu ya tumbo la chakula kwa mtu mnene kupindukia, na Marekani iliidhinishwa mwaka 2001. Huu wa sauti ni wa kuwaza tu, pete hakuna.

Mie nashona magauni ya harusi na ya kesha. Kiuno cha mteja nakijua kuliko mumewe. Zamani bi harusi akija aliniambia nimpime. Siku hizi anasema, "Nishonee inchi mbili ndani, nitapungua." Futi inasema 30, naambiwa niandike 28. Kwa hiyo mpwa wangu, ambaye naye anaolewa, aliponiambia, "Mama mdogo, sikiliza na wewe, ukiona unafaa uwaambie wateja wako," sikukataa. Yule bwana na mie biashara yetu imekaribiana: sote tunaletewa watu wanaotaka kuvaa mwili ambao hawajaupata.

Faili la kwanza ni la kupumzika. Shusha pumzi, legeza mabega, shuka ngazi kumi taratibu. Bila shaka ngazi anazozijua yeye zina zulia. Mie zilizonijia ni za nyumba ya bibi yangu kule Malindi ya mjini Unguja, nyembamba, giza, kila moja na kimo chake, zinazotaka mkono ukutani. Ukizishuka umefumba macho unafikishwa hospitali ya kweli. Nilifika ya nne nikakaza mwili mzima. Nikahama, nikajishusha kwenye ngazi za ufukoni zinazoingia majini, na hapo nikalala fofofo. Faili hili zuri, nasema bila choyo. Mtu anayeinama juu ya cherehani mchana kutwa shingo yake italishukuru.

La pili ndilo la upasuaji. Harufu ya dawa, mlio wa mashine, magurudumu ya kitanda, nesi anakutoa hofu. Wamejitahidi. Lakini mtaani kwetu saa hizo jirani anakaanga samaki changu, na harufu ya changu haishindwi na dawa ya hospitali ya kuwaza. Halafu katikati ya kisu ikaadhiniwa Isha. Nikainuka, nikatawadha, nikasali, nikarudi. Daktari alikuwa ameningoja. Kisha akaja kwenye vyakula anavyotaka nivikinai: keki za krimu, viazi vya kuoka na rojo la nyama. Sijavitamani tangu nizaliwe! Urojo hakuutaja. Katlesi hakuzitaja, wala mkate wa kumimina, wala boko boko la Sikukuu. Mkanda umefungwa na vyetu vyote vimepita pembeni.

Wapo waliocheka, wakasema huu ni utapeli mtupu, mawazo hayafungi tumbo. Hao nawauliza habari ya funga. Siku ya kawaida, ikifika saa nne asubuhi, tumbo langu linadai chapati na maharage kama mwenye nyumba anayedai kodi. Siku niliyotia nia usiku, tumbo hilo hilo linanyamaza mpaka magharibi, na kazi nafanya. Kilichobadilika ni nia tu. Anayetaka ushahidi wa maabara, upo pia. Mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Yale, Alia Crum na wenzake waliwanywesha watu milkisheki ya kalori 380 katika siku mbili tofauti. Siku moja chupa iliandikwa kuwa ni ya anasa, kalori 620; siku nyingine iliandikwa kuwa ni ya wanaojichunga, kalori 140. Homoni ya njaa, inaitwa grelini, ilishuka zaidi sana walipoamini wamekunywa ya anasa. Kinywaji kimoja, maandishi mawili. Kwa hiyo mie ningekuwa yule bwana nisingemwambia mtu amefungwa na amebanwa. Ningemwambia amekula karamu.

Na kuna jaribio jengine ambalo kama analijua amelificha. Mwaka 2010, Carey Morewedge na wenzake wa Carnegie Mellon waliwaambia watu wafikirie wanakula M&M's, zile peremende ndogo za chokoleti, moja moja. Waliofikiria kula 30 walipoletewa za kweli walikula chache kuliko waliofikiria tatu. Lakini sharti ufikirie kutafuna na kumeza. Kufikiria unazitia bakulini tu hakukupunguza kitu. Na aliyewazia peremende haimpunguzii hamu ya jibini: unakinai kile kile ulichokiwazia. Nikalijaribu kwa katlesi. Nilikaa kibarazani nikazitafuna kichwani, kitunguu, pilipili manga, ndimu, mafuta yakinichuruzika vidoleni, nyengine, nyengine, mpaka nikachoka nazo. Za kweli zilipoletwa nikala mbili nikasukuma sahani, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo. Bure, bila kadi ya mtu.

Basi sina ugomvi na nguvu ya mawazo. Ugomvi wangu ni kwamba yule bwana hakuuliza nani anamsikiliza. Mkanda wa kweli una masharti: mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 ulitaka uzito ukilinganishwa na urefu ufike kipimo cha 40, au 35 pamoja na maradhi. Huu wa sauti ulitaka namba ya kadi tu. Mpwa wangu ana kiuno cha 28 na nyonga 38, hana cha kufungwa. Alipofika faili la tatu, la "kuukaza mkanda", akawa anaacha nusu ya wali na kusema tumbo limejaa. Dada yangu akaingiwa na wasiwasi kuwa mtoto anaumwa au amepatwa na jicho, akamtafutia kombe, maji ya kunywa yaliyooshewa aya za Kurani. Mtoto akanywa kombe kwa mkanda wa hewa.

Na hamu yenyewe ya kukonda, nani aliitia? Anne Becker, mtafiti wa Marekani, alichunguza wasichana wa skuli kule Fiji, visiwa kama sisi, ambako unono ulikuwa sifa. Televisheni ilifika kwao mwaka 1995, na wakati huo hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3. Mie nimelifikiria sana hilo, kwa sababu Zanzibar tuna televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970 na mama zetu waliitazama huku wakinenepa kwa raha zao. Mwari aliwekwa ndani, akasingwa, akalishwa, ili atoke amejaa. Lakini televisheni ile ilikuwa na taarab na hotuba. Simu ya mpwa wangu ina wasichana wa rika lake, wa mitaa anayoijua, viuno wamevibana kwa programu ya picha, na chini yake kila mtu anaandika mashallah. Wale mabinti wenyewe nawashonea. Vipimo vyao ninavyo daftarini, na havifanani na picha.

Faili la nne nililizima kabla halijesha. Unaambiwa ujione mbele ya kioo umekonda, umevaa nguo uliyoitaka siku zote, watu wanakutazama. Fundi naye hufikiria kabla ya kukata, tena sana; nikitandika satini mezani namuona mtu ndani yake. Lakini ninayemuona ndiye niliyempima. Ukikatia mtu wa kuwaza, siku ya harusi zipu inagoma nusu ya mgongo, somo, yule kungwi wake, anavuta huku na huku, na kitambaa kilichokatwa hakikui.

Nyota mbili kati ya tano, zote za faili la kwanza. Aliyekwisha kununua alibakize hilo alalie, mengine ayafute. Kwa mtu ambaye kweli uzito unamsumbua, goti linauma, sukari imepanda, hiyo 40,000 aende nayo kwa daktari. Gauni la mpwa wangu nimelikata kwa 28 yake ile ile, nikaacha akiba ya kutosha kwenye mishono na kamba mgongoni badala ya zipu. Amenuna kidogo. Mama yake amelipa nusu, nusu ya pili naidai, na hilo alisome hapa hapa.