Gari Dogo la Kijapani: Anzia Kwenye Gia Boksi, Mafuta Baadaye

Anayetafuta gari lake la kwanza huuliza kwanza linakula mafuta kiasi gani. Ana haki ya kuuliza, ila kwa magari madogo ya Kijapani ya cc 1000 hadi 1500 jibu halipishani sana. Weka IST, Vitz, Passo, Demio, Fit na Note kwenye foleni moja ya Mwenge, Dar, saa kumi na moja jioni, AC zote zimewashwa, na zote zitakunywa. Kitakachokutofautisha na jirani yako baada ya miaka miwili ni gia boksi: kwamba moja imekufa na nyingine inadunda. Ndiyo maana nimeyapanga magari haya kwa kuangalia gia boksi iliyomo, na kama fundi wa mtaani kwako anaijua.

Otomatiki zinazokuja kwenye magari haya ni hasa za aina mbili. Kuna ile ya kizamani ya gia nne, ambayo unaisikia ikibadilisha, na kuna CVT, isiyo na gia za kuhesabika. Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. CVT si mbovu kwa kuzaliwa. Tatizo ni oili. Gereji nyingi zina dumu moja la haidroliki nyekundu, na kila gari linaloingia linanyweshwa hiyo hiyo. Kwenye IST ya zamani gari litavumilia. Kwenye CVT mkanda ule hushika puli kwa msaada wa oili maalumu. Ukiweka isiyo yake unaanza kuteleza, unachubua puli, na unga wa chuma unasambaa ndani. Dalili ni hizi: ukikanyaga mafuta mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda lakini gari halisogei kwa kasi ile, au linatetemeka linapoondoka, au linalia mluzi unaoongezeka na mwendo. Ukifika hapo utaelekezwa Gerezani, Kariakoo, ukanunue gia boksi ya mtumba ambayo historia yake hakuna aijuaye.

1. Toyota IST ya kwanza (2002 hadi 2007)

Najua, imechosha macho. Lakini hakuna gari dogo ambalo fundi wa Tanzania amelifungua mara nyingi kama hili. Injini ni 2NZ ya cc 1300 au 1NZ ya cc 1500, zote za taimingi cheni (cheni ya ndani ya injini, si mkanda), na gia boksi ni ile ya gia nne inayotumia oili ya Toyota T-IV. Ina kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, kwa hiyo hata wewe unaweza kukichomoa na kuangalia rangi ya oili: nyekundu ni nzuri, nyeusi yenye harufu ya kuungua achana nayo.

Matatizo yake yanatabirika. Bushi za mbele zinakufa kwa matuta na mashimo, stabilaiza linki zinagonga, beringi za magurudumu zinaanza kuvuma ukizidi kilomita 60 kwa saa. Zote ni spea za bei ya kawaida na unazipata hata mikoani. La kuogopa zaidi ni 1NZ iliyochoka kuanza kula oili. Haitoi moshi wa kutisha, inapunguza tu kimya kimya, na mwenye gari asiyepima anakuja kushtuka taa nyekundu imewaka. Ukienda kulikagua, chomoa kijiti cha oili ya injini kabla muuzaji hajaliwasha. Kama oili iko chini ya alama na anakuambia "nimefanya service juzi", umeshapata jibu.

Umaarufu wake una gharama pia. Saiti mira na taa za IST zina soko la haraka mno, na vibaka wa Dar wanalijua vizuri. Ndiyo maana utaona nyingi zimechorwa namba ya gari kwenye vioo na taa. Ukinunua, ingiza gharama ya kuchora kwenye bajeti ya wiki ya kwanza.

Hapa kuna jambo la kodi. IST hizi zote zimeshapita miaka kumi, na Tanzania gari dogo la zaidi ya miaka kumi hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya kodi nyingine. La miaka minane hadi kumi hutozwa asilimia 15. Kuagiza IST ya 2005 leo ni kulipa kodi ya gari bora kuliko lile. Nunua iliyokwisha kusajiliwa, ya mkononi, yenye mwenyewe unayemwona. Msomaji wa Kenya hapa hana cha kuchagua: sheria ya miaka minane inaizuia mpakani, kwa hiyo kwake ni ya mkononi tu.

IST ya pili, ya 2007 hadi 2016, ni nzuri kwa sura na imetulia zaidi barabarani, ila nyingi zinakuja na CVT. Haishiki nafasi hii.

2. Toyota Vitz ya 2010 kuja juu

Kama unaagiza mwenyewe kutoka Japani, anzia hapa. Ipo ya cc 1000 na ya 1300. Ile ndogo ina injini ya 1KR, silinda tatu, cc 996. Tofauti hiyo ya cc nne chini ya 1000 ina maana TRA: gari lisilozidi cc 1000 halitozwi ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini, wakati la juu ya hapo hadi 2000 linatozwa asilimia 5. Kabla hujatuma hela ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, maana bajeti ya Juni inaweza kubadilisha hesabu yote.

Silinda tatu zinatetemeka. Ukisimama kwenye taa utausikia usukani na kiti vikicheza kidogo. Wanunuzi wengi huona ni ubovu na kukimbilia kubadili plagi, kumbe ndiyo tabia yake. Ikizidi hadi dashibodi inagonga, angalia injini mauntini, vile vishikizo vya injini. Milima nayo haiipendi: ukiwa na watu wanne na mizigo kupandisha Lushoto, zima AC na uwe na subira. Kwa anayesafiri mikoani mara kwa mara, 1300 ndiyo gari. CVT zake ni imara zikipewa oili ya Toyota CVT FE, na hii siyo ya kujadiliana na fundi. Nunua kopo mwenyewe, simama pale linapomiminwa.

3. Mazda Demio (2007 hadi 2014)

Nairobi zimejaa, Dar ni chache kidogo. Kwa kuendesha, hili ndilo tamu kuliko yote hapa. Usukani unajibu na gari linakaa chini kwenye kona. Tafuta ya gia nne ya kawaida, maana Demio hizi zipo za aina mbili, nyingine zina CVT. Injini ni za cheni na hazina makuu. Udhaifu unaojulikana ni mauntini za injini, halafu nafasi: kiti cha nyuma kwa mtu mrefu ni adhabu. Spea zipo, hasa Kirinyaga Road kule Nairobi, lakini bei iko juu kidogo ya Toyota, na nje ya miji mikubwa jiandae kuagiza kwa basi.

Demio ya 2014 kuendelea inavutia zaidi kwa macho. Ya petroli chukua. Ya dizeli ya cc 1500 iache kando kama wewe ni mtu wa mjini: injini ile hujikusanyia masizi isipopata safari ndefu za kuyachoma, na filta ya moshi huziba. Gari la kutoka Tegeta hadi Posta kwa foleni ndilo hasa linaloua dizeli ya aina hiyo.

4. Honda Fit

Hapa ndipo watu hugawanyika. Mwenye Fit anayeijali atakuambia hauzi ng'o, na ana sababu. Tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo viti vya nyuma vinakunjika hadi sakafuni na unapakia friji au baiskeli bila kufungua paa. Hakuna mwenzake hapa anayefikia nafasi hiyo.

Lakini jua unanunua ipi. Ya kwanza, ya 2001 hadi 2007, ina tabia ya kutetemeka inapoondoka kutoka kusimama, kwa sababu ya klachi ya kuondokea iliyomo ndani ya CVT. Wakati mwingine kubadili oili mara mbili mfululizo kunatuliza, wakati mwingine hakutulizi. Injini ya 1300 ya kizazi hicho ina plagi nane, mbili kila silinda. Fundi akikuletea nne mwambie arudi akafungue tena. Ya pili, ya 2007 hadi 2013, ndiyo ya kununua. CVT yake iliboreshwa na mtetemo ule ukapungua sana. Oili ni ya Honda yenyewe, HMMF, na Honda hawabembelezi juu ya hilo.

Fit Hybrid ya 2013 kuendelea iepuke hata bei ikiwa ya kutupa. Ina gia boksi ya klachi mbili ya gia saba, na Japani kwenyewe Honda waliirudisha gereji mara kadhaa mwaka wake wa kwanza sokoni kurekebisha programu. Betri kubwa ikianza kuchoka, mafundi wanaoweza kukusaidia ni wa kuhesabu.

5. Toyota Passo

Ni Daihatsu iliyovaa nembo ya Toyota. Rahisi kununua, rahisi kuegesha, buti la kubebea mfuko wa sokoni. Ya 2004 hadi 2010 ina gia nne, inayofuata ina CVT. Kwa kumpeleka mtoto shule na kurudi inatosha kabisa. Usiipeleke Dodoma kila wiki.

6. Nissan Note

Inauzwa nafuu kuliko wenzake wa umri wake na sababu ni ile ile ninayoizungumza tangu juu. Note nyingi sokoni zina CVT, oili ni NS-2 kwa ile ya 2005 hadi 2012 na NS-3 kwa iliyofuata. Inayotunzwa kwa oili sahihi inadumu. Shida ni kumjua aliyeitunza. Chukua tu kama unaiagiza ikiwa na karatasi ya mnada wa Japani inayoonyesha hali ya gari, na umepanga kubadili oili ya gia boksi wiki ya kwanza.

Na magari mapya ya zero kilomita? Toyota Starlet na Vitz mpya zinazouzwa Afrika sasa ni za Suzuki kutoka India, Baleno na Celerio, zikiwa na nembo ya Toyota. Ni magari mazuri yenye waranti. Bei yake ndiyo inayowarudisha watu wengi kwenye mtumba.

Unapokwenda kulikagua

Nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Muuzaji aliyelipasha moto kabla hujafika ana jambo. Fungua kifuniko cha rejeta likiwa bado baridi. Ukiona maji ya kutu badala ya kulenti (kipozeo cha injini), uliza moja kwa moja kama thamostati, kidude kinachodhibiti joto la injini, imetolewa. Mafundi wetu huitoa kwa imani kwamba "nchi yetu ya joto haiihitaji". Matokeo yake injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi, na mwenye gari analalamika kwamba Vitz inakula kama Prado. Uliza pia oili gani inawekwa. Injini iliyotengenezewa oili nyepesi ya 5W-30 ikinyweshwa nzito ya 20W-50 miaka mitatu, utasikia ikigongagonga asubuhi.

Kwa la kuagiza, omba karatasi ya mnada na picha za chini. Alama R au RA maana yake limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Magari ya Hokkaido na mikoa ya theluji hutembea kwenye barabara za chumvi, na kutu yake huanzia chini ambako picha za tangazo hazifiki. Angalia na matairi: tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, tairi lenye kashata nzuri la miaka tisa ni takataka.

Kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni ea begi za kampuni ya Takata. Zilirudishwa kiwandani kwa mamilioni duniani kote, Fit na Vitz zikiwemo, kwa sababu baruti iliyomo huharibika kwa joto na unyevu, na ikilipuka hurusha vipande vya chuma kwa dereva. Joto na unyevu ndiyo Dar, Tanga na Mombasa. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji ya Japani uone kama gari lako lilishabadilishiwa.

Redio ya Kijapani huishia 90 MHz, mpya kidogo hufika 95, kwa hiyo vituo vya juu ya hapo huvipati bila kifaa cha kuongeza bendi. Ni kitu kidogo, usimwachie dalali akitumie kukuonyesha kwamba "anakupa ofa".

Na kwa gari la mkononi, kabla hujatoa hela ingiza namba yake uone faini za trafiki, kisha deni la maegesho. Hakikisha jina kwenye kadi ni la mtu aliyesimama mbele yako na kitambulisho chake, na malizeni uhamisho TRA siku hiyo hiyo. Kenya uhamisho hufanyika NTSA kupitia eCitizen, na muuzaji ndiye anayeuanzisha kwenye akaunti yake. Akisema atauanzisha wiki ijayo, hela nayo ibaki kwako mpaka wiki ijayo.